Kitabu Kidogo cha Ubatizo na Meza Kubwa ya Sherehe

Kati ya maandiko mafupi ya Martin Luther liko moja ambalo wanafunzi wetu wa theolojia hulisikia likitajwa darasani, kisha hulipita haraka kwenda kwenye Katekisimo. Nalo ni Taufbüchlein, yaani Kitabu Kidogo cha Ubatizo. Luther alikitoa kitabu hiki mara ya kwanza mwaka 1523, akiwa ameitafsiri kwa Kijerumani ibada iliyokuwa ikisomwa kwa Kilatini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1526, alikitoa tena kikiwa kimepunguzwa sana, na toleo hilo la pili ndilo lililounganishwa na Katekisimo Ndogo mwaka 1529. Hilo ndilo tunalokusudia kulipima hapa. Hatulipimi kwa ajili ya historia peke yake. Katika sharika zetu nyingi ubatizo wa mtoto umekuwa sikukuu ya jamaa nzima, yenye kadi za mwaliko, kamati na turubai. Swali letu basi ni hili: je, ibada aliyoiandika Luther inaweza kuibeba furaha hiyo ya jamaa, au furaha hiyo imelazimika kujijengea nyumba yake kando?

Tuanze na dibaji, maana ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote, na kwa maoni yetu ni miongoni mwa kurasa bora ambazo Luther aliandika juu ya ibada. Hapo Luther analalamika kwamba kila siku anaona jinsi watu wanavyoiendea sakramenti hii kwa uzembe. Sababu moja anayoitaja ni lugha: waliosimama karibu na mtoto hawakuelewa hata neno moja la yaliyosomwa, nao wangewezaje kuomba pamoja na kuhani wasilolielewa? Kisha anahesabu mambo ambayo wanadamu waliyaongeza, yaani kumpulizia mtoto, kumtia chumvi kinywani, kumgusa masikio na pua kwa mate, kumpaka mafuta kifuani na mabegani, kumvika vazi, kumwashia mshumaa. Hayo yote, asema, ndiyo mambo madogo kuliko yote katika ubatizo. Ubatizo waweza kufanyika pasipo hayo, na shetani hayaogopi. Jambo kubwa ni kusimama pale kwa imani ya kweli, kulisikiliza Neno la Mungu na kuomba kwa bidii. Tena anathubutu kusema jambo ambalo wachache kati yetu tungelisema mbele ya usharika: kwamba watu wengi wakiharibika baada ya kubatizwa, huenda sababu ni kwamba sisi tuliosimama pale tuliwaombea kwa ubaridi.

Neno hilo ni zito. Linauhamisha ubatizo kutoka mikono ya mchungaji peke yake na kuwatwisha mzigo wote waliohudhuria. Mtu aliyekuja kanisani kama mgeni mwalikwa anaambiwa kwamba amekuja vitani. Ndiyo maana Luther anataka kuhani asome kwa sauti ya wazi na polepole, na anaonya kwamba makuhani walevi wasibatize, wala watu ovyo wasichaguliwe kuwa wasimamizi. Yafaa tuliangalie vizuri onyo hili, maana tutalirudia: ukali wake unawaangukia kuhani na msimamizi. Haumwangukii mama wa mtoto.

Tukiigeukia ibada yenyewe, tunakuta inaanza kwa namna ambayo ingewashtua wengi wa wageni wetu wa Jumapili. Neno la kwanza haliwasalimu wazazi wala halimkaribishi mtoto. Ni kemeo: pepo mchafu anaamriwa atoke, ampishe Roho Mtakatifu. Hufuata ishara ya msalaba katika paji la uso na kifuani, kisha sala, kisha kemeo jingine. Maneno hayo ya kemeo yalisumbua wengi baadaye. Vitabu vya maungamo ya Kilutheri vilipokusanywa na kuchapishwa pamoja mwaka 1580, baadhi ya nakala zilitolewa bila Kitabu Kidogo cha Ubatizo, kwa kuwa makanisa ya kusini-magharibi mwa Ujerumani hayakuridhika na jambo hilo. Kwa hiyo andiko hili limekuwa kama ndugu ambaye jamaa inamkiri lakini haimwiti mezani wanapokuja wageni. Msomaji wa Kiafrika, ambaye mazungumzo juu ya nguvu za giza si mageni kwake, hana sababu kubwa ya kuona haya. Hata hivyo hapana budi aonyeke: Luther hasemi kwamba mtoto ana pepo kwa namna ambayo wahubiri wa mikutano ya hadhara wanavyolitumia neno hilo siku hizi. Anasema kwamba mtoto, kama kila mzao wa Adamu, amezaliwa chini ya utawala ambao hauwezi kuuvunja mwenyewe.

Katikati ya ibada ipo sala ambayo wataalamu wameizoea kuiita sala ya gharika, nayo yastahili tukae nayo kidogo. Sala hii inayachukua maji matatu ya Maandiko na kuyamimina katika birika moja: maji yaliyouangamiza ulimwengu wa siku za Nuhu na kuwaokoa watu wanane, maji ya Bahari ya Shamu yaliyomzamisha Farao na kuwavusha Israeli, na maji ya Yordani alimobatizwa Bwana wetu. Ustadi wa sala hii ni kwamba haiyafanyi maji kuwa mapole. Katika picha mbili za kwanza maji yanaua. Yanaua upande mmoja na kuokoa upande wa pili, na mtoto anaombewa awe upande wa safina. Hapa Luther amemsoma Paulo vizuri (Rum. 6:3-4). Kumleta mtoto ubatizoni ni kumleta mautini pamoja na Kristo, ili atoke huko akiwa hai. Yeyote aliyewahi kuona mto ukivunja kingo zake wakati wa masika, ukachukua daraja, mifugo na nyumba, ataisikia sala hii kwa masikio ambayo msomaji wa nchi kavu hana.

Mawazo hayo ya Luther yalikuwa ya zamani kuliko kitabu hiki. Katika hotuba yake ya mwaka 1519 juu ya sakramenti ya ubatizo alilichambua neno la Kijerumani la kubatiza, akaliunganisha na neno lenye maana ya kina, yaani jambo la kuzamishwa chini kabisa. Sisi katika Kiswahili hatuna msaada huo. Neno letu kubatiza limetujia kutoka Kiyunani kwa njia ndefu, nalo kwa sikio la Mswahili halisemi lolote mpaka lifafanuliwe. Maneno yetu ya kuzamisha, kutosa na kuchovya tumeyaachia mvuvi na mpishi. Kwa sababu neno limenyamaza, ishara ingepaswa kusema zaidi. Kumbe mara nyingi tunamnyunyizia mtoto matone matatu kwa ncha za vidole, tena kwa upesi, kana kwamba tunaogopa kuharibu gauni lake. Luther katika kitabu hiki anaagiza mtoto azamishwe birikani. Hatudai kwamba matone matatu si ubatizo. Neno likiwa pamoja na maji, ubatizo upo. Tunachosema ni kwamba usharika unaoona matone hautaielewa gharika.

Baada ya sala husomwa habari ya Bwana akiwabariki watoto (Mk. 10:13-16). Ndipo kuhani anaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, naye pamoja na wasimamizi wanapiga magoti na kuomba Sala ya Bwana. Sehemu hii ni fupi, lakini kwetu ndiyo kilele cha ibada kwa upande wa wanadamu. Yote aliyoyadai katika dibaji, kwamba waliosimama pale waombe kwa bidii, Luther ameyapa hapa umbo ambalo hata mtoto wa shule ya Jumapili aweza kulifuata. Kisha mtoto anapelekwa birikani, anaulizwa kama anamkana Ibilisi na kazi zake zote, kama anaamini, na kama anataka kubatizwa. Wasimamizi wanajibu kwa niaba yake. Anabatizwa, anavikwa vazi, na neno la mwisho ni la amani.

Sasa tuulize: baba na mama wako wapi? Katika utaratibu huu hawana kazi hata moja. Wanaotenda ni kuhani na wasimamizi. Jambo hili lina sababu zake za wakati ule. Luther mwenyewe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 katika mji wa Eisleben, akabatizwa kesho yake, akapewa jina la Martin kwa kuwa siku ile ilikuwa ya Mtakatifu Martin. Mwanawe wa kwanza, Johannes, alizaliwa tarehe 7 Juni 1526, akabatizwa siku iyo hiyo. Ubatizo ulikuwa ukikimbizana na kifo, ambacho kiliwachukua watoto wengi wachanga, na mama aliyejifungua jana hakuweza kutembea hadi kanisani. Alibaki ndani akitunzwa na wanawake, kama mama zetu walivyobaki ndani siku zao, wakikandwa na kulishwa mtori.

Sababu tunaielewa, lakini kasoro inabaki. Ibada iliyoandikwa wakati mama hayupo imerithiwa na makanisa ambamo mama yupo, ameketi kwenye benchi la mbele, na haijui la kumwambia. Tunaona upungufu huo hata katika picha ya madhabahu ya kanisa la mjini Wittenberg, kazi ya Lucas Cranach iliyowekwa mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya kifo cha Luther. Ubao wa kushoto unaonyesha ubatizo wa mtoto mchanga. Anayebatiza ni Philip Melanchthon, mtu ambaye hakuwahi kuwekewa mikono kuwa mchungaji. Wanatheolojia wamelizungumza sana jambo hilo, nalo lina mafundisho. Sisi lakini jicho letu linavutwa na watu wanaolizunguka birika. Wanawake waliovaa vizuri wamejaa mbele, mavazi yao yamechorwa kwa upendo wa mtu anayejua bei ya kitambaa, na mmoja ametupa mgongo kiasi kwamba mtazamaji anaona nguo yake kabla ya kuona maji. Mtoto yuko uchi juu ya birika, mdogo sana katikati ya wakubwa hao. Cranach alikuwa mtu wa mjini, mwenye mali, na alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa Johannes Luther. Alichora alichokijua. Alichora sherehe. Kitabu cha Luther kinatupa sala bila sherehe, na picha ya Cranach inatuonyesha kwamba sherehe ilikwisha kuingia kanisani kwa mlango mwingine, ikiwa imevaa vizuri. Wala haikuishia kwenye mavazi: serikali za miji mingi ya Ujerumani ziliona ni lazima kutoa amri za kupunguza idadi ya wageni na ukubwa wa zawadi katika karamu za ubatizo. Ugonjwa huu haukuanzia kwetu.

Hata hivyo tungemdhulumu Luther tukisema kwamba alimsahau mama kabisa. Mwaka 1542 ilichapishwa kazi ya Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, juu ya Zaburi ya 29, na mwishoni mwake Luther aliongeza maneno machache ya faraja kwa wanawake ambao mimba zao ziliharibika au watoto wao walifariki kabla ya kubatizwa. Humo hawalaumu. Anafundisha kwamba kuugua kwa mama Mkristo, hamu yake ya kumleta mtoto kwa Mungu, ni sala ambayo Mungu ameisikia, hata kama hakuweza kuitamka. Ajabu ni kwamba mama anayekosekana katika kitabu cha mwaka 1526 anaonekana hapa akiwa mwombaji mkuu, kabla ya kuhani na kabla ya msimamizi. Laiti maneno hayo mawili yangefungwa katika jalada moja! Mwanafunzi anayekisoma Kitabu Kidogo cha Ubatizo bila faraja ya mwaka 1542 amesoma nusu ya Luther.

Tuje sasa kwetu. Hatutaki kuidharau sherehe ya ubatizo kama ilivyo katika sharika zetu, wala kuichora kwa kejeli. Ndani yake mna mambo mema ambayo hayamo katika kitabu cha Luther. Mna bibi aliyesafiri usiku kucha kwa basi ili amshike mjukuu. Mna shangazi waliovaa kitenge cha sare, na babu anayetoa baraka kwa lugha ya nyumbani baada ya mchungaji kumaliza kwa Kiswahili. Mna majirani, pamoja na wale Waislamu, wanaokuja kula na kufurahi. Jina la mtoto linatamkwa na kufafanuliwa mbele ya ukoo. Katika jamaa nyingi za Kilutheri za kaskazini mwa Tanzania majina kama Elifuraha na Elirehema yamekuwa yenyewe ni mahubiri mafupi. Mtoto anaonyeshwa kwamba ana watu. Haya si mapambo. Elisabeti alipomzaa Yohana, majirani na jamaa walisikia wakafurahi pamoja naye, na siku ya nane walikuwapo wakibishana juu ya jina (Lk. 1:58-63).

Lakini sherehe imefanya jambo ambalo chumvi na mafuta ya zamani hayakuweza kulifanya. Imeuahirisha ubatizo. Wachungaji wengi wanaosoma kurasa hizi wamewahi kumwuliza baba kwa nini mtoto wake wa miaka miwili hajabatizwa, wakajibiwa, kwa sauti ya chini, kwamba bado wanajipanga. Kujipanga huko si kujifunza Katekisimo. Ni mbuzi, mchele, kreti za soda, keki, mpiga picha, na zawadi ya kumrudishia msimamizi atakayekuja na zawadi kubwa. Ujumbe wa michango unatumwa kwa simu kwa watu mia, nusu yao hawajibu, na ubatizo unasogezwa hadi Pasaka, kisha hadi Krismasi wakati ndugu wa mjini watakapokuwa wamepanda nyumbani. Wenye uwezo wameweka kipimo, na maskini anaona haya kuja birikani na mtoto mkononi na mikono mitupu. Tena uchaguzi wa wasimamizi umeharibika kwa sababu iyo hiyo. Luther aliuliza kama msimamizi ni mtu wa kuomba. Sisi tunauliza ana gari gani.

Hapo ndipo hukumu yetu juu ya kitabu hiki inapokuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja, dibaji ya Luther inaikata sherehe hii kama panga. Yote hayo ni nyongeza ya wanadamu, ni mambo madogo, na shetani hayaogopi. Mchungaji angeweza kuisoma dibaji hiyo, badala ya hotuba, katika kila semina ya wazazi, na ingetosha. Kwa upande wa pili, kitabu chenyewe kimechangia tatizo kwa kunyamaza. Kwa kuwa hakikuipa jamaa neno lolote la kusema wala tendo lolote la kutenda ndani ya ibada, jamaa imekwenda kutafuta maneno na matendo yake chini ya turubai. Pale ndipo baba anapozungumza, pale mama anashukuru, pale bibi analia. Kanisani walikuwa watazamaji. Ni jambo la kawaida kwamba watu huthamini zaidi mahali ambapo wamepewa nafasi ya kutenda.

Hapa jirani zetu Waislamu wana jambo la kutufikirisha. Katika akika, mtoto hunyolewa nywele, sadaka hutolewa kwa uzito wa nywele hizo, mnyama huchinjwa, na nyama yake huliwa na jamaa na kugawiwa maskini. Hatusemi kwamba akika ni ubatizo. Maana zake ziko mbali. Tunatazama tu jinsi chakula kilivyopewa kanuni. Karamu imo ndani ya ada yenyewe, na maskini ana fungu lake ndani ya karamu. Kwetu chakula hakina kanuni yoyote ya kanisa, na kitu kisicho na kanuni hupimwa kwa macho ya majirani.

Wako waliojaribu kuliunganisha kanisa na ukoo kwa makusudi. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa Wachagga katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alisisitiza kwamba mtu hafiki kwa Mungu akiwa peke yake. Anafika akiwa ndani ya vifungo vya damu, vya ujirani na vya rika, na kanisa lisivikate bali livitumie. Gutmann amekosolewa, na kwa haki, kwamba aliupenda ukoo kupita kiasi na kuufunika udhaifu wake. Wale waliowahi kuona ukoo ukimnyang'anya mjane shamba hawawezi kuusifu bila masharti. Walakini swali lake lilikuwa sahihi kuliko jibu lake. Aliuliza jamaa ifanye nini mtoto anapobatizwa, na akataka jibu liwe kazi, si kiti cha mgeni.

Sisi tunaona kwamba Maandiko yenyewe yanatoa njia, nayo ni rahisi kuliko tunavyodhani. Ibrahimu alimtahiri Isaka akiwa na umri wa siku nane, kama alivyoamriwa (Mwa. 21:4). Karamu kubwa aliifanya siku Isaka alipoachishwa kunyonya (Mwa. 21:8). Ishara ilitolewa kwa wakati wake, na karamu ikaja baadaye, muda mrefu baadaye, wakati mtoto amekua na nyumba imejipanga. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Ibrahimu aliichelewesha ishara ili aikusanyie kondoo wa kutosha. Mfano wa pili ni wa mlinzi wa gereza kule Filipi. Alibatizwa yeye na watu wake wote saa ile ile ya usiku, kisha akawapandisha Paulo na Sila nyumbani, akawaandalia meza, akafurahi pamoja na nyumba yake yote (Mdo. 16:33-34). Hapa meza ilifuata maji papo hapo, lakini ilikuwa meza ya vilivyokuwamo nyumbani usiku huo. Hakuna kamati inayoweza kuundwa kati ya usiku wa manane na mapambazuko.

Kwa hiyo zipo namna mbili za kusherehekea, ile ya Ibrahimu na ile ya mlinzi wa gereza. Mwenye uwezo na afanye karamu yake kubwa wakati wowote aupendao, hata siku mtoto atakapoanza kutembea, mradi mtoto awe amekwisha kubatizwa. Asiye na uwezo na aandae uji na ndizi siku ile ile. Usharika unaweza kusaidia kwa jambo dogo la utaratibu, yaani kuwa na Jumapili ya ubatizo iliyo karibu daima, isiyongoja sikukuu kubwa, na kuwahubiria wazazi kwamba birika halina ada ya kiingilio. Mzee wa kanisa anayekwenda kumtembelea mama aliyejifungua aende na swali la tarehe ya ubatizo kabla ya swali la tarehe ya sherehe.

Lipo bado kundi ambalo njia hizi mbili haziligusi. Ni watoto ambao hawabatizwi kwa sababu ya hali ya wazazi, hasa mama asiye na ndoa ambaye katika baadhi ya sharika huambiwa kwanza arudi kundini ndipo mtoto wake apokewe. Hatupuuzi nidhamu ya kanisa. Lakini tukikisoma kitabu cha mwaka 1526 kwa uangalifu, hatuoni humo msingi wa desturi hiyo. Luther anamchunguza kuhani kama ni mlevi, na msimamizi kama ni mtu ovyo. Mtoto analetwa akiwa hana kitu, na hilo ndilo linalomstahilisha. Mwaka 1529 Luther alipomwandikia rafiki yake Nicholas von Amsdorf kumwomba awe msimamizi wa binti yake Magdalena, alimtaja mtoto wake mwenyewe, mtoto wa nyumba ya mchungaji, kuwa ni mpagani mdogo maskini anayehitaji kusaidiwa aingie katika Ukristo. Ikiwa binti wa Luther alikuja birikani kama mpagani, hatujui ni kwa hoja gani mtoto wa binti asiye na mume atazuiliwa mlangoni kwa kuwa na upungufu zaidi.

Tunapofikiria liturgia zetu zinaporekebishwa, tungependa sehemu tatu za kitabu hiki zirudishwe mbele. Dibaji isomwe kwa wazazi na wasimamizi siku chache kabla ya ubatizo. Sala ya gharika isifupishwe. Na Sala ya Bwana iombwe kwa magoti, mkono ukiwa juu ya kichwa cha mtoto. Katika hiyo ya tatu tungethubutu kumwongeza Luther jambo ambalo hakuliandika: mkono usiwe wa mchungaji peke yake. Mama aweke wake, baba aweke wake, na bibi aliyesafiri usiku kucha aitwe mbele aweke wake pia, na jamaa wote waliokuja kwa ajili ya pilau wapige magoti pale walipo, kila mmoja akiomba kwa lugha anayoombea nyumbani. Sala hiyo haichukui hata dakika moja. Na wakati huo wote, tangu sala ya gharika hadi neno la amani, mpiga picha naye aombwe aketi.